Fumbo la Pili Halisaliwi kwa Kukaa

Somo la kutafakari: Luka 1:39-56

Vijana wapenzi wa parokia zetu za Kisangani,

Katika vikundi vyetu kuna kanuni ambayo haikuandikwa popote, wala haina sahihi ya askofu, lakini kila mmoja anaijua. Msichana akionekana ana mimba na hana mume, jina lake linafutwa katika orodha ya kwaya. Anarudisha sare ya kikundi. Anaambiwa akae nyuma ya kanisa, asikaribie Komunyo mpaka ajifungue, na akiisha kujifungua anaambiwa asubiri tena. Kijana aliyemtia mimba hana tumbo la kuonekana. Dominika inayofuata yuko mahali pake pa siku zote, anapiga ngoma, na hakuna anayemwuliza neno. Wazee husema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Lakini nyama ililiwa na wawili.

Tunaandika ili kuipinga kanuni hiyo, na tunaomba vikundi vya vijana viwe vya kwanza kuifuta. Hatuipingi kwa sababu tumechoka na amri ya sita, au kwa sababu tunaona usafi wa moyo umepitwa na wakati. Tunaifundisha amri hiyo kila mwaka kwa wanaojitayarisha kupokea Kipaimara na kwa wachumba, na tutaendelea kuifundisha. Tunaipinga kanuni hii kwa sababu haina msingi katika Injili wala katika sheria ya Kanisa, na kwa sababu inazaa tunda ambalo watetezi wake wenyewe wanalichukia: inamsukuma msichana atoe mimba.

Hofu na hesabu zake

Tujaribu kufikiri kama anavyofikiri binti wa miaka 17, wa Mangobo au wa Kabondo, anapotambua kwamba siku zake hazikuja. Hafungui katekisimu. Anapiga hesabu. Baba akijua, atanifukuza. Mkuu wa shule akijua, nitaacha masomo. Kiongozi wa kwaya akijua, nitatajwa mbele ya wenzangu. Mwenye mimba akijua, atakana. Kila mlango anaoujaribu katika mawazo yake umefungwa, isipokuwa mmoja tu: mimba hii isionekane kamwe. Ndipo anapomtafuta mtu wa mizizi, au mwuza dawa asiyeuliza maswali. Haendi kwa Legio ya Maria, kwa maana anadhani anajua watakachomwambia.

Akipona, atabeba siri hiyo peke yake kwa miaka mingi. Akitokwa damu hata kufa, kwaya iliyomwondoa itakuja matangani kumwimbia nyimbo za ufufuko. Tunauliza: mbona wimbo wake umepatikana akiwa ndani ya sanduku, na haukupatikana alipokuwa hai, na mtoto akiwa hai tumboni mwake?

Nchi yetu ina mabishano makubwa juu ya jambo hili. Sheria ya adhabu ya Kongo inaadhibu utoaji wa mimba. Kwa upande mwingine, Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2003 na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la nchi yetu mwaka 2018, inauruhusu katika hali kadhaa, ubakaji ukiwa mojawapo. Msimamo wa Kanisa unajulikana, nasi tunaushika. Lakini binti yule hasomi Gazeti Rasmi. Uamuzi wake haufanyiki Kinshasa mbele ya wabunge. Unafanyika usiku, juu ya mkeka, huku akisikiliza kama mama yake amelala. Anayetaka kumwokoa mtoto yule hana budi kufika kwenye mkeka huo. Mapadri hawawezi kufika kila nyumba. Vijana wenzake wa mtaa mmoja wanaweza.

Safari ya Maria

Kanisa kuu la mji wetu limewekwa chini ya ulinzi wa Mama Yetu wa Rozari, na vikundi vyetu vya vijana vinaipenda sala hiyo. Basi tulitazame fumbo la pili la furaha kama Luka anavyolieleza. Maria amesikia kwa malaika Gabrieli kwamba Elisabeti, jamaa yake aliyeitwa tasa, yuko katika mwezi wa 6. Anaondoka kwa haraka, anapanda nchi ya milima, anaingia katika nyumba ya Zakaria, na anakaa huko kama miezi 3. Sita na tatu ni tisa. Alikaa katika miezi ile mizito ambayo miguu huvimba na ndoo ya maji hushinda mikono. Injili haisemi kwamba alituma salamu. Haisemi kwamba alibaki Nazareti akimwombea jamaa yake kila jioni, kisha akaenda kulala.

Tutazame pia mapokezi ya Elisabeti. Mbele yake amesimama msichana aliyeposwa, ambaye bado hajaingia nyumbani mwa mume, naye ana mimba. Imani yetu inajua kwamba mimba hiyo ni kazi ya Roho Mtakatifu, wala hatuilinganishi na nyingine yoyote. Lakini macho ya jirani wa Nazareti yangeona kile kile ambacho macho ya jirani wa Mangobo huona. Elisabeti hakuanza kwa kuuliza ni ya nani na ya lini. Alimbariki mama na tunda la tumbo lake kwa pumzi moja. Kila tunaposali Salamu Maria tunarudia baraka hiyo ya watu wawili pamoja. Haiwezekani basi kumbariki mtoto aliye tumboni na kumlaani mwanamke anayembeba, kwa maana mtoto huyo hana nyumba nyingine duniani.

Iko ibada nzuri iliyoenea Polandi tangu miaka ya 1980 na kufika katika nchi nyingine nyingi. Mkristo anaahidi kumwombea kwa miezi 9 mtoto mmoja aliye hatarini kuuawa tumboni, mtoto ambaye Mungu peke yake anamjua. Kila siku anasali fungu moja la rozari pamoja na sala fupi. Wengi huanza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari, na kumaliza siku ya Noeli. Tunaiheshimu ibada hiyo na tunaipendekeza kwenu. Ila tunaona hatari moja ndani yake. Mtoto asiyejulikana ni rahisi kumpenda. Hahitaji sabuni, hana mama mwenye hasira, wala hawezi kututia aibu mbele ya watu wa mtaa. Kwa hiyo tunaomba vikundi vyetu viongeze jambo moja katika ahadi hiyo: mtoto tunayemwombea awe na mama tunayemjua, na sala isaliwe nyumbani kwake, yeye mwenyewe akiwa amekubali na amekaa kati yetu. Hapo tutakuwa tumelisali fumbo la pili kama lilivyo.

Wanaopinga wanasema nini

Tunajua kwamba wako watu wema wasiokubaliana nasi. Hoja zao ni nne, nasi tutazijibu moja moja.

Wa kwanza wanasema: tukiwapokea wasichana hawa, tutakuwa tunawafundisha wengine uasherati. Tunawajibu kwamba hakuna msichana aliyewahi kutamani mimba ya mapema kwa sababu alimwona mwenzake akiletewa kipande cha sabuni na nepi sita. Wanayoyaona wenzake ni mgongo unaouma, masomo yaliyokatika na usingizi uliopotea. Hayo yanatosha kuwa fundisho. Kinyume chake, kanuni ya kumfukuza mmoja na kumwacha mwingine inafundisha jambo baya sana. Inawafundisha wavulana kwamba dhambi ni kuonekana, na kwamba aliyeumbwa bila tumbo la uzazi ameumbwa bila hatia. Someni sura ya 8 ya Yoane. Walimleta mwanamke aliyefumaniwa. Mwanamume hawakumleta, ingawa kitabu cha Walawi kinawahukumu wote wawili. Yezu alimwambia mwanamke yule asitende dhambi tena, na neno hilo ni zito, hatulipunguzi. Lakini alilisema baada ya mawe kuanguka chini, si kabla.

Wa pili wanamtaja Mwenye Heri Anuarite. Wanasema: tazameni binti wa Wamba, alikubali kufa kule Isiro, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, kuliko kuuvunja usafi wake, nanyi mnawatetea walioshindwa? Hoja hii inatuumiza kuliko zote, kwa sababu tunampenda Anuarite, na vikundi vingi vya watoto na vijana vinabeba jina lake pamoja na la Kizito. Alitangazwa Mwenye Heri tarehe 15 Agosti 1985 na Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Kinshasa. Lakini tuulize: ni nani aliyetenda dhambi usiku ule wa Isiro? Ni mwanamume mwenye silaha aliyeona kwamba mwili wa msichana ni mali yake. Damu ya Anuarite inamshtaki kila anayetumia nguvu, cheo, pesa au alama za shule ili kumpata binti. Haimshtaki binti aliyelazimishwa, wala haimtupi aliyedanganywa, wala haimkatalii toba aliyeanguka kwa hiari yake. Naye Anuarite alikufa akimsamehe mwuaji wake. Kumtumia mfiadini wa msamaha kama fimbo ya kuwapigia wasichana ni kumgeuza kuwa mtu asiyekuwa.

Wa tatu wanasema: hiyo ni kazi ya familia, kikundi kisijiingize. Ni kweli kwamba familia ndiyo ya kwanza. Lakini tunajua familia nyingi zinavyofanya. Binti anafungiwa nguo zake na kupelekwa jioni kwa wazazi wa mwenye mimba, anaachwa kizingitini kama mzigo uliokataliwa bandarini. Ikiwa hajafika miaka 18, jambo hilo linakwenda kinyume cha sheria ya nchi, kwa maana sheria ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto inakataza uchumba na ndoa za watoto. Ikiwa amefika miaka 18, Kanisa nalo linafundisha, katika kanuni ya 1103, kwamba ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa si ndoa. Wazazi wengi hufanya hivyo kwa sababu wao pia wanaogopa maneno ya watu. Katekista na mzee mmoja wa shirika wakiingia katika nyumba hiyo, wakakaa na baba, wakamsikiliza hasira yake mpaka mwisho, mara nyingi ile safari ya kizingitini haifanyiki.

Wa nne wanasema: parokia haina pesa. Hawa tunawajibu kwa mifano ya karibu. Sista Angélique Namaika, mtawa wa Kiagustino, alifanya kazi Dungu, ambayo mpaka mwaka 2015 ilikuwa katika jimbo moja la kiserikali na Kisangani yetu. Alizunguka kwa baiskeli akiwatafuta wanawake na wasichana waliotoroka mikononi mwa waasi wa LRA, wengi wao wakiwa wamebakwa, na baadhi wakiwa na watoto waliopatikana porini. Aliwafundisha kusoma, kushona na kuoka mikate. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen ya wanaowahudumia wakimbizi. Lakini alipoanza hakuwa na tuzo, alikuwa na baiskeli. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Sista Rosemary Nyirumbe alishika mwaka 2001 uongozi wa shule ya ushonaji ya Mtakatifu Monika. Alitangaza kwa redio kwamba wasichana waliotoka katika utumwa wa waasi hao hao waje shuleni, hata kama ni wajawazito, hata kama wana watoto mgongoni. Mama walishona darasani na watoto wao walitunzwa palepale.

Ikiwa masista hao waliwapokea watoto ambao baba zao walichoma vijiji, inakuwaje kikundi cha vijana kishindwe kumpokea mtoto ambaye baba yake ni mpiga ngoma?

Wala hatuhitaji kwenda Gulu. Mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola yalipowakimbiza watu wa Lubunga, nyumba nyingi za mji huu ziliwapokea waliovuka mto, na sahani ya lituma iliyopikwa kwa watu watano ililiwa na kumi. Hakuna aliyesubiri bajeti. Mji unaoweza kufanya hivyo kwa wageni hauwezi kusema kwamba umeshindwa na binti mmoja wa mtaa wake.

Sauti ya Kanisa

Mtu asiseme kwamba haya ni mawazo ya walimu wachache. Kanuni ya 868 ya Sheria ya Kanisa, ya mwaka 1983, inaeleza kinachotakiwa ili mtoto mchanga abatizwe kihalali: wazazi, au walau mmoja wao, wakubali, na pawe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani katoliki. Mmoja wao anatosha. Haidai cheti cha ndoa. Tarehe 25 Mei 2013, katika misa ya asubuhi, Papa Fransisko alisikitikia jambo hilo hilo: msichana mama anakuja kuomba ubatizo wa mtoto wake, mtoto ambaye angeweza kumtoa lakini amekuwa na ujasiri wa kumzaa, naye anakuta mlango umefungwa. Aliwafananisha wanaofunga mlango huo na watu wa forodha, akasema ni kama wamebuni sakramenti ya nane. Sisi watu wa mji wa mto tunawajua watu wa forodha, tunaelewa alichomaanisha.

Kuhusu Komunyo pia jibu limetolewa. Mwezi wa Desemba 2023 Idara ya Mafundisho ya Imani, kwa barua ya Kardinali Víctor Manuel Fernández kwa askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika, ilieleza kwamba kuwa mama asiye na mume si kizuizi cha kupokea Ekaristi. Kama ilivyo kwa mkristo mwingine yeyote, aliyetenda dhambi anaungama, anasamehewa, anakaribia meza. Barua hiyo ilisikitika kwamba mama wengi hukaa mbali kwa kuogopa ukali wa mapadri na viongozi wa jumuiya, na ikataka watiwe moyo, kwa kuwa wamechagua uhai katika hali ngumu. Miezi 9 ya kukaa nyuma ya kanisa, pamoja na nyongeza ya miezi baada ya kuzaa, haimo katika barua hiyo, wala katika katekisimu tunayoifundisha.

Neno kwa wavulana

Sasa tunawageukia ninyi wavulana, kwa maana hakuna huduma ya mama itakayosimama ikiwa ninyi mmekaa mkitazama. Matayo anaanza Injili kwa orodha ya mababu wa Yezu, na ndani yake ameweka Tamari, Rahabu, Ruti na mke wa Uria, wanawake ambao majirani walikuwa na mengi ya kusema juu yao. Kisha anamweleza Yosefu. Mtoto hakuwa wake kwa damu, naye angeweza kumwacha Maria kwa siri. Malaika alimwambia asiogope, akaamka, akamchukua, akampa mtoto jina. Mwenye haki alimpokea mtoto asiyemzaa. Basi wewe unayemkimbia mtoto uliyemzaa, unajiita mwanafunzi wa nani?

Sheria ya nchi inakudai pia. Kifungu cha 591 cha Sheria ya Familia ya mwaka 1987 kinataka kila mtoto wa Kongo awe na baba, na kinasema kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Wazee wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kusema kwamba kitanda hakizai haramu. Kumkubali mtoto si lazima kuwe na maana ya kumwoa mama yake kesho. Maana yake ni kwenda naye kliniki, kulipa, kumwandikisha mtoto, kusimama mbele ya baba yake na kusema: ni mimi. Kikundi chenye kijana aliyekimbia kimwite, kimsikilize, kimwambie wazi kwamba ngoma itamsubiri mpaka atakaporudi kwa mtoto wake.

Tunaweka hapa onyo moja. Ikiwa binti alilazimishwa, au hajafika miaka 18 na mwenye mimba ni mtu mzima, kikundi kisijaribu kuwapatanisha kwa mbuzi na pesa. Sheria ya mwaka 2006 juu ya ujeuri wa kijinsia ilitungwa kwa ajili yake. Hapo kazi yenu ni kumpeleka kwa daktari mapema na kwa mtu mzima anayeaminika, mkishirikiana na paroko.

Miezi tisa ya kikundi

Tunapendekeza mwanzo uwe mdogo: kila kikundi kimchukue mama mmoja tu kwa mwaka.

Wasichana wawili na mama mmoja wa Mama Wakatoliki wawe watu wa kumtembelea. Wasikilize kabla ya kusema, na wanayoyasikia yasitoke nje. Kikundi kisichoweza kutunza siri kisianze kazi hii, kwa maana kitamwua yule kinayetaka kumwokoa.

Wamsindikize kituo cha afya. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mjamzito aonane na wahudumu wa afya walau mara 8, akianza katika miezi 3 ya kwanza. Binti anayeficha tumbo huanza kuchelewa palepale. Nauli ya toleka, au ya mtumbwi kwa aliyeko Lubunga, ni sadaka kama ile ya kapu.

Kila mwezi kikundi kikusanye kidogo kidogo: sabuni, nepi, kitenge, wembe mpya, chumvi, unga. Rozari ya juma moja katika kila mwezi isaliwe nyumbani kwake, na sauti ya mama mwenyewe isikike ndani yake.

Mtoto akizaliwa, kazi haijaisha. Vikundi vingi hutawanyika siku ya shangwe. Kuna siku 90 za kumwandikisha mtoto katika ofisi ya komini bila kulipa faini. Kuna ubatizo wa kutayarishwa. Na kuna shule. Sisi tunaowafunza walimu tunasema kwa nguvu zote: msichana aliyezaa hajapoteza akili yake kwenye chumba cha uzazi. Kenya iliweka tangu mwaka 1994 utaratibu wa kumrudisha mama kijana darasani. Tanzania, baada ya miaka ya kumfungia mlango, iliufungua Novemba 2021. Shule katoliki za mji huu zisisubiri kuamriwa. Na ninyi vijana mnaweza kumshikia mtoto saa mbili kila jioni, mama yake apate kurudia masomo.

Mwisho, mtakutana na aliyekwisha kutoa mimba. Msimwambie kwamba amechelewa. Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya uhai, aliwaandikia wanawake hao kwa upole wa baba na kuwaomba wasikate tamaa. Tangu Novemba 2016 kila padri mwenye ruhusa ya kuungamisha anaweza kumwondolea dhambi hiyo. Msindikizeni mpaka kwenye kiti cha kitubio, nanyi mngojee nje.

Tarehe 31 Mei Kanisa linaadhimisha sikukuu ya Maria kumtembelea Elisabeti. Tunaomba kabla ya siku hiyo kila kikundi kiwe kimefanya mambo mawili: kimeifuta ile kanuni isiyoandikwa, kwa kuwaita warudi wale walioondolewa, na kimeipata nyumba moja ambamo fumbo la pili litasaliwa mwaka huu.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni nani aliyeondoka katika kikundi chetu kwa sababu ya mimba? Yuko wapi leo, na nani kati yetu anaweza kwenda kumsalimu juma hili?

2. Katika jambo hilo hilo, mvulana aliulizwa nini?

3. Binti wa mtaa wetu akigundua leo usiku kwamba ana mimba, kuna kitu gani katika kikundi chetu kitakachomfanya athubutu kutuambia kesho?

4. Ni mambo gani katika orodha ya miezi tisa tunaweza kuyafanya bila kuomba pesa kwa mtu yeyote?

Tumwombe Mungu wa Hagari, aliyemwona mjamzito aliyekimbia jangwani akamkuta penye chemchemi ya maji, atupe macho ya kuwaona dada zetu kabla hawajakimbia. Amina.